James Murray, Mtoto wa Mshona Nguo Aliyekusanya Maneno

Najua wengine wenu mtashangaa na kuuliza, huyu kijana wa Kidato cha Tatu anatuletea mtu wa kamusi ya Kiingereza katika jarida la Kiswahili kwa nini? Ngojeni kidogo. Kila mmoja wetu hapa shuleni anahangaika na Kiingereza. Mtu anasoma ufahamu, anakutana na neno gumu mstari wa pili, anakwama kama gari kwenye tope. Kamusi darasani ni moja na wanaoisubiri ni wengi. Wengine huamua kukariri maneno usiku kucha, na asubuhi yote yameyeyuka. Mtu nitakayewasimulia leo aliijua njia bora kuliko hiyo, na alianza akiwa maskini kama wengi wetu.

James Murray alizaliwa tarehe 7 Februari 1837 katika kijiji cha Denholm, karibu na mji mdogo wa Hawick, kusini mwa Uskoti. Baba yake, Thomas, alikuwa mshona nguo wa kijiji. Haikuwa nyumba ya njaa, lakini haikuwa ya kutupa pesa pia. Mtoto James alikuwa na udadisi usiokwisha. Alitaka kujua majina ya mawe, mimea, nyota na kila kitu kilichopita mbele ya macho yake. Husimuliwa hata kwamba alijaribu kuwafundisha ng'ombe kuitika alipowaita kwa Kilatini! Kama ng'ombe waliitika au hawakuitika, mimi sikuwepo.

Alipofika umri wa miaka 14 hivi, masomo yake yakafika kikomo. Wazazi hawakuwa na uwezo wa kumlipia aendelee. Hapo ndipo ninapowaomba wenzangu msome polepole. Tulipoanza Fomu Wani tulikuwa wengi kuliko tulivyo sasa. Kuna viti vilivyobaki vitupu kwa sababu ya karo, na wenyewe mnavijua. James naye alikuwa mmoja wa hao. Hakuna mtu aliyemwona siku ile akiondoka shuleni ambaye angedhani kwamba kijana huyo ndiye angekuja kuwaeleza Waingereza maana ya maneno yao wenyewe.

Lakini kuacha shule si kuacha kusoma. James alijifunga kibwebwe akawa mwalimu wake mwenyewe. Kabla ya kutimiza miaka 16 tayari alikuwa anasoma Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani na Kilatini. Baadaye aliongeza lugha nyingine chungu nzima. Kwa kusoma lugha nyingi akagundua jambo ambalo baadaye liliongoza maisha yake yote, kwamba maneno yana ukoo kama watu. Ukilijua neno moja, unamjua nduguye, binamuye na babuye.

Bidii yake haikupotea bure. Akiwa na miaka 17 aliajiriwa kuwa mwalimu msaidizi mjini Hawick, na alipofika miaka 20 akawa mwalimu mkuu wa shule nyingine pale pale mjini. Hebu fikirini, miaka 20! Mwaka 1862 alimwoa Maggie Scott, mwalimu wa muziki, wakajaliwa mtoto wa kike, Anna.

Baada ya hapo dhiki ikabisha hodi. Anna alikufa angali mchanga. Kisha Maggie akapatwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao siku hizo haukuwa na dawa. Madaktari walishauri aondolewe kwenye baridi kali ya Uskoti. James akauacha ualimu mkuu aliokuwa ameufikia kwa jasho, akahamia London mwaka 1864 na kuwa karani katika Chartered Bank of India. Mwalimu mkuu akawa karani, kwa ajili ya mkewe. Hata hivyo Maggie hakupona. Alifariki mwaka 1865, na James akabaki peke yake katika mji mkubwa, hana mke wala mtoto, ana vitabu vyake tu.

Mwaka 1866 aliomba kazi katika maktaba ya British Museum, akaorodhesha lugha zote alizozijua, nyingine vizuri na nyingine kidogo. Orodha ilikuwa ndefu ajabu, lakini kazi hakupata. Mwaka 1867 alioa tena, akamwoa Ada Ruthven. Msimamizi wake siku ya harusi alikuwa Alexander Graham Bell, yule ambaye baadaye alisifika kwa kuvumbua simu. Ada na James walijaliwa watoto 11, na wote walikua wakawa watu wazima. Mwaka 1870 Murray alirudi kwenye chaki, akawa mwalimu katika Mill Hill School karibu na London. Mwaka 1873, akiwa na miaka 36, alipata shahada ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka huo huo alitoa kitabu kuhusu lahaja za kusini mwa Uskoti, yaani lugha ya kwao kijijini. Kumbe lugha ya nyumbani ndiyo iliyomfungulia mlango mkubwa.

Sasa tufike kwenye kamusi yenyewe. Tangu mwaka 1857, wataalamu wa lugha wa London katika Philological Society walikuwa wameona kwamba kamusi zilizokuwepo hazikutosha. Walitaka kamusi ambayo ingeeleza kila neno la Kiingereza tangu lilipozaliwa, lilivyobadilika maana, na kama lilikufa, lilikufa lini. Mhariri wa kwanza, Herbert Coleridge, alifariki mwaka 1861 akiwa na miaka 30. Aliyemfuata, Frederick Furnivall, alikuwa na mikono mingi kuliko kazi moja, na mradi ukalala. Ndipo tarehe 1 Machi 1879 Murray akatia sahihi mkataba na kiwanda cha uchapishaji cha Chuo Kikuu cha Oxford. Ilitarajiwa kazi imalizike kwa miaka 10, mabuku manne, basi.

Murray hakuwa na ofisi. Alijenga kibanda cha mabati katika uwanja wa nyumba yake Mill Hill, akakipa jina la Scriptorium, maana yake mahali pa kuandikia. Ukutani aliweka vishubaka zaidi ya 1,000 vya kupangia vikaratasi. Halafu akaletewa urithi kutoka kwa Furnivall, karibu tani mbili za vikaratasi vilivyokusanywa kwa miaka 20! Vingine vilikuwa ndani ya magunia. Katika gunia moja mlikuwa na panya mfu, na katika jingine panya mzima amezaa na kufanya maskani. Vikaratasi vya herufi H vilipatikana Florence, huko Italia. Sehemu ya maneno ya P ilipatikana Ireland, na mingi ya vikaratasi hivyo ilikuwa imeshatumiwa kuwashia moto.

Pengine mnajiuliza, vikaratasi hivyo vilikuwa vya nini? Hapa ndipo penye siri. Murray hakukaa mezani akaanza kujitungia maana za maneno. Aliwaomba watu wa kila namna wasome vitabu, na kila walipokutana na neno linalofaa, waandike kwenye kikaratasi neno hilo, jina la kitabu, mwaka, ukurasa, na sentensi nzima ambamo neno lilitumika. Kisha vikaratasi vya neno moja viliwekwa pamoja na kupangwa kwa miaka. Murray alivisoma kimoja kimoja, na maana ya neno ikajitokeza yenyewe kutokana na maneno yaliyolizunguka. Kwa ufupi, maana alizipata katika muktadha.

Sisi wa Kiswahili tunalijua jambo hili sana. Nikisema "paa" peke yake, nani atajua ninachosema? Kuna paa la nyumba, kuna paa wa porini, kuna ndege kupaa angani, na kuna mtu kumpaa samaki magamba. Lakini nikisema mvua imeingia kwa sababu paa limetoboka, hata mtoto wa nasari hawezi kumfikiria mnyama. Maneno ya jirani yameshamwambia. Na Kiingereza ni hivyo hivyo. Ukikwama kwenye neno, usikimbilie kukata tamaa. Soma sentensi iliyotangulia na inayofuata, jirani zake watakusaidia.

Jambo la pili ni ukoo wa neno. Kwa kila neno, Murray na wenzake walitafuta lilikotoka na viungo vyake. Hebu tulichukue neno la Kilatini lenye maana ya kubeba, ambalo kwa Kiingereza limebaki kama mzizi "port". Ukitanguliza "im", yaani ndani, unapata "import", kuingiza bidhaa. Ukitanguliza "ex", yaani nje, unapata "export", kuzitoa nchini. Ukitanguliza "trans", yaani kuvusha upande wa pili, unapata "transport". Ukimalizia kwa "er" unampata mtu mwenyewe, "porter", mchukuzi. Ukimalizia kwa "able" unapata "portable", kitu kinachobebeka. Mzizi mmoja, maneno matano, na hujakariri kitu.

Na hapa hakuna sababu ya kuogopa, maana hata lugha yetu imejengwa kwa viambishi. Kutoka kwa "soma" tunapata msomi, msomaji, somo, masomo, someka, somesha. Ile "er" ya Kiingereza inafanya kazi ya "m" na "ji" katika msomaji. Ile "able" ni dada yake "ika" na "eka" katika bebeka na someka. Anayejua viambishi awali na viambishi tamati vya Kiswahili amekwisha kutembea nusu ya safari ya Kiingereza. Ndiyo maana nikaona huyu mzee anafaa kuingia katika jarida letu.

Lakini tahadhari. Viungo vya neno vinakufikisha mlangoni, ni muktadha unaokuingiza ndani. Neno "nice" lilitokana na maneno mawili ya Kilatini, moja la kukanusha na jingine la kujua. Zamani sana lilimaanisha mjinga, mtu asiyejua. Mzizi huo wa kujua ndio uliomo katika "science". Leo ukimwambia mwalimu kwamba somo lake ni "nice", hutaadhibiwa, kwa sababu maana imehama. Na neno "invaluable", ingawa limeanza na "in" ya kukanusha, si kitu kisicho na thamani. Ni kitu chenye thamani isiyopimika. Kwa hiyo pasua neno, pata fununu, kisha irudishe fununu yako ndani ya sentensi uone kama inakaa. Kama haikai, itupe.

Kuna jambo jingine lililomtia Murray wasiwasi. Wasomaji wake wengi walipenda maneno ya ajabu ajabu na kuyaruka yale ya kawaida. Neno la kale "abusion", ambalo hata wazee hawalitumii, lilikuwa na vikaratasi kama 50. Neno "abuse", ambalo kila mtu analitumia, halikufikisha vikaratasi vitano! Ikambidi Murray na wasaidizi wake wenyewe waanze kuyasaka upya maneno ya kila siku. Wenzangu, huo ni ugonjwa wetu pia. Tunapenda kuchomeka katika insha maneno mazito ya kutisha mtahini, kumbe hatujui vizuri kutumia yale madogo. Murray alijua kwamba nyumba ya lugha imesimama juu ya mawe madogo.

Mwaka 1884, baada ya miaka mitano ya jasho, sehemu ya kwanza ilitoka. Ilikuwa na kurasa 352, na ilikuwa imefika wapi? Imefika "ant", yaani chungu! Ile miaka 10 ya mkataba ilionekana sasa kama kichekesho. Wakubwa wa Oxford walimsukuma aharakishe. Lakini Murray hakukubali kazi ya lipualipua. Mwaka 1885 aliacha kabisa kufundisha, akahamia Oxford katika barabara ya Banbury, akajenga Scriptorium ya pili bustanini. Ilizamishwa chini kidogo ili isimzibie jirani macho, kwa hiyo ilikuwa na unyevu na baridi. Mzee alivaa koti zito, na nyakati nyingine alitia miguu ndani ya sanduku ili upepo usimpige, huku akiandika. Sisi wa shule za kutwa tunaosomea kwenye koroboi na madirisha yasiyo na vioo tunaelewa.

Barua zilikuwa nyingi hata posta ikaweka sanduku lake jekundu mbele ya nyumba yake, na lingali pale hadi leo. Watoto wake walifanya kazi ya kupanga vikaratasi kwa alfabeti. Walilipwa kwa saa, mdogo peni moja na mkubwa hadi peni sita, na hizo ndizo zilizokuwa pesa zao za mfukoni. Binti zake wawili, Elsie na Rosfrith, walipokua wakaajiriwa kabisa katika kamusi.

Wasaidizi wa mbali walikuwa mamia, na wengi hawakulipwa hata ndururu. Mmojawapo ana kisa cha kusikitisha. Dkt. William Minor alikuwa daktari wa jeshi la Marekani aliyeugua akili. Mwaka 1872 alimpiga risasi na kumuua mtu asiye na hatia mjini London, akafungwa Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili. Akiwa humo alituma maelfu ya vikaratasi kwa muda wa miaka kama 20. Murray alimtembelea kwa mara ya kwanza mwaka 1891 na wakawa marafiki. Nimelifikiria sana jambo hili. Murray hakuifuta hatia ya mtu yule, lakini hakuukataa mchango wake pia.

Usidhani kazi yote ilikwenda sawa. Kifurushi cha neno "bondmaid", yaani kijakazi, kilipotea, na buku lenye herufi B likachapishwa bila neno hilo. Vikaratasi vyake vilipatikana miaka mingi baadaye.

Mwaka 1908 Murray alipewa heshima ya kuitwa Sir. Chuo Kikuu cha Oxford, ambacho jina lake lilikuwa juu ya kamusi hiyo, kilimpa shahada ya heshima mwaka 1914 tu, akiwa na miaka 77. Tumaini lake lilikuwa kuimaliza kamusi atakapotimiza miaka 80. Haikuwa hivyo. Tarehe 26 Julai 1915 alifariki dunia akiwa na miaka 78, naye alikuwa angali katika herufi T. Alizikwa Oxford, katika makaburi ya Wolvercote. Karibu nusu ya kamusi nzima ilikuwa imepita mikononi mwake.

Wenzake, Henry Bradley, William Craigie na Charles Onions, waliendelea. Kulikuwa na kazi kubwa mbele, kwa maana herufi U peke yake ilikuwa na maneno yasiyohesabika yanayoanza kwa kiambishi "un". Bradley naye alifariki mwaka 1923. Hatimaye mwaka 1928 kamusi ilikamilika, mabuku 10, kurasa zaidi ya 15,000, maneno zaidi ya 400,000, na sentensi za mifano zipatazo 1,800,000. Miaka 10 ya mkataba ilikuwa imegeuka 49. Murray hakuiona siku hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini wakati mwingine anayejaza siye anayepika.

Kamusi hiyo haijafungwa mpaka leo, inaendelea kuongezwa maneno. Neno letu "safari" limo siku nyingi. Mwaka 2022 waliongeza maneno ya Afrika Mashariki kama "jembe", "sambaza" na "nyama choma". Kwa hiyo anayesema Kiswahili ni lugha ya kuazima tu, mwambie Waingereza nao wamekuja kuazima kwetu.

Kabla sijaweka kalamu chini, nawashauri wenzangu tufanye kama Murray. Tafuta daftari kuukuu, likate vikaratasi. Ukikutana na neno jipya, andika neno, kitabu, na sentensi nzima. Bahatisha maana kutokana na jirani zake. Pasua viungo vyake, kichwa, mzizi na mkia. Ndipo uende kwenye kamusi kuhakikisha, zamu yako ikifika. Vikaratasi vitano kwa siku, siku tano za shule, ni maneno 25 kwa wiki, na gharama yake ni daftari moja lililokwisha.

Na wewe uliye nyumbani kwa sababu ya karo, ambaye rafiki yako amekuletea jarida hili ulisome, usifikiri elimu imefungwa kwenye lango la shule. Kilichomtoa mtoto wa mshona nguo Denholm ni kusoma kila karatasi iliyompitia mkononi, na karatasi hazijakwisha duniani. Kiti chako bado tunakuwekea.